Kalenga: Nyumba Aliyorudi Mtwa

Ukitoka Iringa mjini kwa barabara ya kwenda Hifadhi ya Ruaha, hujamaliza hata mazungumzo uliyoyaanzia stendi, umeshafika Kalenga. Macho hayaoni ajabu. Nyumba za tofali za kuchoma, mahindi, bustani za mboga kando ya Mto Ruaha Mdogo, na watoto wa shule wanaokupokea kwa "Kamwene" wakitambua kuwa u mgeni. Ndani ya kijiji hicho kuna nyumba ndogo, na ndani ya nyumba hiyo, nyuma ya kioo, kuna fuvu la kichwa cha binadamu. Nimeona watu wakiingia humo wanazungumza na kutoka kimya.

Hayo ndiyo Makumbusho ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, na fuvu ni lake. Mwaka 2024 ilitimia miaka 70 tangu fuvu hilo lilipokabidhiwa hapa kwa wenyewe, tarehe 19 Juni 1954. Historia hii fupi inaandikwa kwa heshima ya siku hiyo, na ya nyumba iliyotokana nayo.

Nianze na jina, maana ndilo ushahidi ambao kila mkazi wa mkoa huu hutembea nao mdomoni. Kwa Kihehe, ngome ni lilinga. Ndimi za wageni zililigeuza neno hilo hadi likawa Iringa, na mji waliokuwa wakiutaja ulikuwa huu wa Kalenga, si ule ulio juu kwenye majabali. Tom Prince, ofisa wa jeshi la Wajerumani, alipoanzisha kituo cha kijeshi huko juu mwaka 1896, alikipa jina la mji ambao jeshi lake lilikuwa limeubomoa miaka miwili nyuma. Ikawapo Iringa Mpya, na Kalenga ikabaki kuwa Iringa ya Zamani, mpaka ile mpya ikalichukua jina lote. Kwa hiyo anayesema leo "natoka Iringa", ajue asijue, anaitaja ngome ya Mkwawa.

Kwa jirani zetu wa upande wa Mbeya kuna kisa kinachofanana na hiki. Wahehe walipomtoa Merere, mtawala wa Wasangu, katika mji wake wa Utengule, alikwenda kujenga mji mwingine wenye kuta za mawe huko Usafwa, karibu na ilipo Mbeya ya leo, nao ukaitwa Utengule vilevile. Wamoravian walifungua misheni yao hapo mwaka 1895. Merere alifukuzwa akaondoka na jina la mji wake. Kalenga, jina liliondoka na waliomfukuza mwenyewe.

Mkwawa ni kifupi cha Mkwavinyika. Alikuwa mwana wa Munyigumba wa ukoo wa Muyinga, mtu aliyezikusanya koo zilizotawanyika milimani, nyingine kwa mkuki na nyingine kwa ndoa, akazifanya dola moja. Munyigumba alifariki karibu mwaka 1879, akazikwa Rungemba. Ukazuka ugomvi wa kurithi, kijana akakimbilia Ugogo, kisha akarudi na kukitwaa kiti. Tangu hapo Wahehe walimwita Mtwa, na nchi ikaongozwa kwa mikono ya vazagila, wasaidizi wake waliowekwa kila upande kukusanya wapiganaji na kuamua mashauri. Njia za misafara ya pwani zilipita karibu na mipaka yake, na hakuna msafara uliopita bila kumjali.

Nampenda Mkwawa, lakini sitamgeuza malaika. Wasangu, Wabena na Wagogo walipoteza ng'ombe na watu kwa mikuki ya Uhehe, na wapo katika majirani hao waliomsaidia Mjerumani kwa sababu walikuwa na deni la damu la kudai. Makumbusho ya kweli yana wajibu wa kulisema hilo pia, na mzee wa Kisangu akiingia Kalenga ana haki ya kusimama mbele ya kioo kile na kumbukumbu za kwao.

Kalenga yenyewe ilijengwa kwa miaka kadhaa kuelekea 1891. Ilikuwa ngome ya ukuta mrefu kuliko kimo cha mtu, ndani yake nyumba za Mtwa, za wake, za wakubwa wa vita na ghala. Leo ukitaka kuuona ukuta huo, lazima mtu akuelekeze. Unaonyeshwa tuta la udongo lililoota majani, na kipande kigumu kinachojitokeza kama ubavu wa mnyama aliyezikwa nusu. Niliweka kiganja juu yake mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi. Udongo ulikuwa na joto la jua la saa nane, na chembe zake zikabaki kwenye vidole. Hakuna kilichonifundisha historia ya nchi hii kuliko chembe zile.

Mwaka 1891 ndio uliolipeleka jina la Mkwawa Ulaya. Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi la Wajerumani, ambaye wenyeji walimpa jina la Nyundo, alipanda kutoka pwani na askari zaidi ya mia tano, mizinga na wapagazi, akichoma vijiji njiani. Simulizi za Uhehe zinasema Mtwa alituma wajumbe na wakapigwa risasi. Asubuhi ya 17 Agosti, pale Lugalo, msafara ulikuwa umejipanga mstari mrefu kwenye njia nyembamba yenye majani na mawe. Zelewski alikuwa juu ya punda. Askari walikuwa wamebeba bunduki zisizo na risasi. Inasimuliwa kwamba ofisa mmoja alimfyatulia ndege, na Wahehe waliokuwa wamelala majanini wakaudhania mlio ule kuwa ndio ishara. Wakainuka.

Mapigano yenyewe yalikuwa ya dakika chache. Walikufa Wajerumani 10, askari wapatao 250 na wapagazi wengi. Wahehe walichukua bunduki zipatazo 300 na mizinga mitatu. Zelewski, kwa masimulizi, aliuawa kwa mkuki wa kijana wa miaka kumi na sita. Wahehe nao walipoteza mamia ya watu siku hiyo, na hilo husahauliwa tunapoimba ushindi. Inasemekana Mtwa alikataza vilio vya hadhara ili adui asijue ukubwa wa msiba. Mnara waliousimamisha Wajerumani kwa ajili ya watu wao bado upo Lugalo, si mbali na barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam. Abiria wengi hupita wakiwa wamelala kwenye basi. Jina lenyewe limepata maisha mapya: kambi kubwa ya jeshi letu Dar es Salaam inaitwa Lugalo.

Dola iliyofedheheshwa hivyo isingeacha. Mwishoni mwa Oktoba 1894 Gavana Friedrich von Schele mwenyewe alikuja na jeshi kubwa mpaka mbele ya Kalenga. Wenyeji husimulia kwamba mizinga ilipigwa kutoka upande wa kilima cha Tosamaganga, na jina la kilima hicho, linalotaja kurusha mawe, hulielezea kwa kisa hicho. Tarehe 30 Oktoba ukuta ulivukwa, watu wakapigana nyumba kwa nyumba. Wajerumani walikuta pembe za ndovu na baruti nyingi. Mtwa hawakumkuta.

Hapo ndipo sehemu ya historia hii inayonigusa zaidi ilipoanzia. Kwa karibu miaka minne mtu asiye na mji aliendelea kuwa mtawala. Alilala msituni, akahama kila baada ya siku chache, akapata chakula kwa watu waliojua kwamba wakigunduliwa wangenyongwa. Prince, ambaye askari wake walimwita Bwana Sakarani, alijaribu njia ya kumweka mtawala mwingine. Mwishoni mwa 1896 akamsimika Mpangile, ndugu yake Mkwawa. Mwanzoni mwa 1897 akamnyonga, akimtuhumu kwamba anamsaidia nduguye kwa siri. Mashamba yakachomwa, wanawake na watoto wakakamatwa. Mwaka 1898 serikali ya kikoloni ikatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Katika nchi ambako ng'ombe ndiyo mali, hizo zilikuwa fedha za kumgeuza mtu akili. Wahehe wengi walijua alipo, na wengi hawakusema.

Tarehe 19 Julai 1898, pale Mlambalasi, doria ya Sajini Meja Merkl ilisikia mlio wa bunduki na kukuta maiti mbili, Mtwa na kijana aliyemtumikia. Mkwawa alikuwa amejipiga risasi. Merkl akaamuru kichwa kikatwe, akakipeleka Iringa kwa Prince. Mke wa Prince, Magdalene, aliandika kitabu cha maisha yao huku, na kwa kitabu hicho tunajua jinsi siku zile zilivyopokewa ndani ya boma, upande wa walioshinda. Kwa upande wa walioshindwa, habari zilibaki vifuani mwa watu.

Kiwiliwili kilizikwa Mlambalasi, penye mwamba mkubwa uliotoboka kama ukumbi. Wanaakiolojia waliochimba chini ya mwamba huo wamekuta mabaki ya watu waliozikwa pale maelfu ya miaka kabla ya Wahehe kuwa Wahehe. Bila kujua, Mtwa alikwenda kufia kwenye makaburi ya kale kuliko dola yake.

Kichwa kilikwenda Ujerumani.

Wakati ule mafuvu ya Waafrika yalikuwa yakisafirishwa kama shehena. Madaktari wa jeshi na wakusanyaji wa makumbusho ya Ulaya waliyataka kwa ajili ya elimu yao ya kupima vichwa na kupanga watu kwa madaraja. Kichwa cha mtawala kilikuwa na thamani ya ziada, kwa kuwa kilikuwa pia nishani. Lakini kuna kitu Wajerumani hawakukihesabu. Kwa Wahehe, mzee aliyekufa hajaondoka. Kaburi lake ndipo mtawala mpya anapokwenda kuzungumza naye, kuomba mvua, kuomba ruhusa ya vita, kuombea uzazi. Mtwa aliyezikwa nusu ni mazungumzo yaliyokatwa katikati.

Ndiyo maana vita ya kwanza ya dunia ilipokwisha, ombi la Wahehe la kurudishiwa kichwa lilisikika. Novemba 1918 Horace Byatt, aliyekuwa akiiongoza nchi hii kwa niaba ya Waingereza, aliandika London akishauri fuvu lirudishwe, maana Wahehe walikuwa wamewasaidia Waingereza vitani na kurudishwa kwake kungewaonyesha watu kwamba Mjerumani amekwisha kweli. Ushauri huo uliingia katika Mkataba wa Versailles wa 28 Juni 1919. Ibara ya 246 inaitaka Ujerumani irudishe, ndani ya miezi sita, vitu viwili: Kurani ya Khalifa Uthman, na fuvu la Mkwawa. Wanasheria na mawaziri waliokuwa wakigawana Ulaya walisimama kidogo wakaandika jina la mtu wa Kalenga. Sijui mtawala mwingine wa bara letu aliyepata nafasi ya namna hiyo katika karatasi ile.

Miezi sita ikapita. Ujerumani ikasema haina habari za fuvu hilo. Waingereza nao wakachoka kuuliza. Kalenga ikaendelea kungoja, ikilima mahindi juu ya msingi wa ngome.

Aliyelifufua suala hilo ni Edward Twining, gavana wa Tanganyika tangu 1949. Mwaka 1953 alifika kwenye makumbusho ya Bremen, akaonyeshwa mkusanyiko wa mafuvu 2,000, na 84 kati ya hayo yametoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Tafakari kidogo: 84. Kila moja lilikuwa na mama. Vipimo vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa vilikuwa vimechukuliwa hapa nyumbani, vikalinganishwa na ya kule, yakabaki machache, na katika hayo likachaguliwa moja lenye tundu la risasi. Mtaalamu wa polisi wa Ujerumani akalitazama tundu hilo na kuliafiki.

Twining alikuwa na hesabu zake. Kenya ilikuwa inawaka kwa Mau Mau, na Wahehe walikuwa askari wanaosifiwa. Gavana alitaka urafiki wao. Nalisema wazi kwa sababu wema wa kikoloni haukuwahi kuja peke yake. Hata hivyo kilichotendeka Kalenga tarehe 19 Juni 1954 kilikuwa kikubwa kuliko nia ya aliyekitenda. Mbele ya umati wa maelfu, gavana alimkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa kichwa cha babu yake. Miaka 56 ilikuwa imepita. Walikuwepo wazee waliokuwa vijana siku ya Mlambalasi.

Siku kumi na nane baadaye, tarehe 7 Julai 1954, chama cha TANU kilianzishwa Dar es Salaam. Hakuna aliyepanga tarehe hizo zikaribiane. Ila mjukuu aliyekipokea kichwa alikuja kuwa Spika wa Bunge la nchi huru, kuanzia 1962 hadi 1973, na tena kuanzia 1975 hadi 1994. Kiti cha utemi kilifutwa na sheria mwaka 1963 kama viti vyote vya machifu nchini, naye akaendelea kuongoza kutoka kiti kingine. Watu wa rika langu walimjua Adam Sapi kwa sauti redioni, akiwatuliza wabunge, kabla ya kumjua kuwa ni Mkwawa.

Kuna mji kaskazini mwa Uingereza unaonisaidia kuielewa Kalenga. Ni Durham, uliojengwa juu ya mwamba uliozungukwa na Mto Wear. Kanisa kuu lake lilianza kujengwa mwaka 1093, na wageni huenda kwa ajili ya kaburi la Mtakatifu Cuthbert. Lakini katika jeneza la Cuthbert kiliwekwa pia kichwa cha Mfalme Oswald. Oswald aliuawa vitani mwaka 642, na Penda aliyemshinda alimkata kichwa na mikono akavitundika kwenye miti. Mwaka uliofuata ndugu yake alikwenda kuvichukua. Waviking walipozidi kushambulia pwani, watawa waliondoka kisiwani Lindisfarne mwaka 875 wamebeba jeneza hilo, na waliowarithi wakafika nalo Durham mwaka 995. Mji ukakua kulizunguka jeneza: kanisa, ngome, baadaye chuo kikuu. Kwa hiyo Waingereza walipoona watu wa Uhehe wanakidai kichwa cha mfalme wao kwa miaka hamsini, walikuwa wanatazama jambo ambalo babu zao walilifanya vilevile.

Tofauti ni kwamba Durham ina kila kitu juu ya mwamba mmoja, nasi tumegawanyika. Ngome na kichwa viko Kalenga. Kanisa liko Tosamaganga, ng'ambo tu, mahali ambapo Wabenediktini walifungua misheni na Wakonsolata kutoka Italia wakaipokea mwaka 1919. Kutoka hapo zimetoka shule na hospitali iliyowazalia akina mama wa vijiji vyote vya hapa, na Iringa ikawa jimbo kamili la Kanisa Katoliki mwaka 1953, mwaka uleule Twining alipokwenda Bremen. Boma la Wajerumani liko mjini, na tangu 2016 limekuwa makumbusho ya mkoa, kazi iliyosimamiwa na Chuo Kikuu cha Iringa, na ambayo nadhani ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa yaliyofanyiwa urithi wetu katika miaka hii. Mtu mwenye siku moja anaweza kuvizungukia vyote vitatu. Akianzia bomani atasikia habari za kutawala. Akianzia Kalenga atasikia habari za kutawaliwa. Mimi humshauri mgeni aanzie Kalenga.

Ndani ya nyumba ile hakuna vitu vingi. Kuna mikuki, ngao, marungu, bunduki, picha za ukoo. Nje kuna makaburi, yakiwemo ya Chifu Sapi, mwana wa Mkwawa, na ya Adam Sapi aliyefariki mwaka 1999. Fuvu liko kwenye kioo, rangi ya mnazi mkavu, meno machache, na lile tundu. Mwongozaji huwa anazungumza polepole anapofika hapo. Mara ya mwisho nilikuwa na watoto wa shule ya msingi waliokuja kwa miguu. Mmoja, wa kike, aliuliza swali ambalo sijawahi kulisikia kwa mtu mzima: "Alikuwa anaumwa kichwa, kilipokuwa kule?" Mwongozaji hakucheka. Alimjibu kwamba wazee wa hapa ndio waliokuwa wakiumwa.

Wapo watafiti waliouliza, na wana haki ya kuuliza, kama fuvu lililochaguliwa kwa vipimo mwaka 1953 ndilo hasa la Mkwawa. Kupima umbo la kichwa ni elimu dhaifu, ileile iliyoyapeleka mafuvu Bremen. Mimi naona hivi: ukoo wake ulilipokea, ukalitunza, ukazika watu wake pembeni yake kwa miaka sabini. Kama siku moja wenye kichwa wataamua lipimwe kwa vinasaba, ni juu yao, na jibu lolote litakalokuja litakuwa jambo la kuzungumza kwanza Kalenga kabla ya kuandikwa popote. Na hata likiwa la mtu mwingine, atakuwa ni mmoja wa wale 84, mtoto wa mtu wa nchi hii aliyeondolewa kwa nguvu. Nyumba ya kumpokea ingekuwa ni hiyohiyo.

Maana wengi hawajarudi. Mangi Meli wa Wachaga alinyongwa Moshi mwezi Machi 1900, na familia yake inatafuta kichwa chake hadi leo. Songea Mbano wa Wangoni alinyongwa mwaka 1906 baada ya Maji Maji, na wazao wake wanaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba huko Berlin vililinganisha baadhi ya mafuvu na familia zilizo hai za Kilimanjaro, na Novemba mwaka huohuo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba radhi mbele ya wazao. Familia hizo zikitaka kujua nyumba ya kumpokea aliyerudi inavyokuwa, inavyotunzwa na inavyogharimu, mfano wao wa kwanza uko Kalenga.

Na hapa ndipo nina ombi. Nyumba hiyo ni ndogo mno kwa kazi inayobeba. Ukuta wa ngome unahitaji uzio na alama kabla mvua na majembe havijaumaliza. Mlambalasi inahitaji kuelezwa pamoja na Kalenga kama kaburi moja lenye sehemu mbili, mgeni asipewe habari nusu. Zaidi ya yote, zinahitajika sauti. Katika vijiji vya Kalenga, Rungemba, Lugalo na Pawaga bado wapo wazee waliosimuliwa na watu waliokuwepo. Kama mzee huyo ni bibi yako au babu yako, mrekodi kwa Kihehe chake, usimtafsirie, upeleke nakala makumbusho. Kama nyumbani kwenu kuna mkuki, kigoda au bangili ya siku zile, kipige picha, andika jina la aliyekuachia, mpelekee mtunzaji. Na wewe unayepanda basi Mbeya kwenda Dar es Salaam, shuka Iringa siku moja. Kalenga haifiki kilomita ishirini kutoka mjini, na bodaboda wote wa stendi wanapajua.